Swali la Mara ya Pili

Mbagala, Jumapili jioni

Mke wangu mpenzi, Mama Editha,

Amani iwe juu yako na juu ya wote wanaolala chini ya paa letu. Mimi ni mzima wa mwili. Naomba barua hii ikukute umekaa upande ule wa nyumba unaopata jua la asubuhi, na kahawa iwe imeshakauka na kuingizwa ndani kabla mvua hazijatukuta. Nimeandika kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza, ndiyo maana karatasi zimekuwa nyingi. Sababu yake unaijua, ingawa kwenye simu mimi nawe tunaizunguka kama watu wanaopita kando ya shimo.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu hiyohiyo. Kwenye simu nasema hujambo, unasema sijambo, mkwe wetu amekushikia simu, wajukuu wanagombania kuniamkia, na salio linakwisha kabla hatujafika popote. Sasa kamati ya maktaba inataka jibu langu Ijumaa ijayo: nibaki mwaka mwingine, au nirudi Mbinga. Nilipokueleza, ulisema, "Wewe kaa tu, mimi sijambo." Jibu hilo nimelitembeza kichwani wiki nzima. Leo nataka kukuambia limenifikisha wapi, ila uwe na subira, maana unanijua: siwezi kufika mahali bila kueleza njia.

Nianze na kazi. Nilipofika hapa nilikuta vitabu vimeshapangwa na vijana waliojitolea, na vimepangwa kwa rangi. Vyekundu pamoja, vya kijani pamoja, virefu nyuma, vifupi mbele. Ukumbi ulipendeza kama duka la vitenge, na hakuna mtu aliyeweza kupata kitu. Ilinibidi nivishushe vyote na kuanza upya. Kila kitabu nakiuliza: wewe umeandikwa na nani, unazungumzia nini, na mtu anayekuhitaji atakutafuta kwa jina gani? Majibu nayaandika kwenye kadi na kwenye kompyuta yetu moja, kisha kitabu nakipa namba mgongoni na mahali pake rafuni. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu ujana. Kitabu kikiwekwa pasipo pake, ni sawa na kilichoibiwa, tena afadhali cha mwizi, maana cha mwizi utajua hakipo.

Hata hivyo watu bado wanakuja mezani na kuniambia, "Mzee, naomba kile cha kijani." Ninacheka, nakukumbuka. Jikoni kwako chumvi inakaa nyuma ya debe la unga, na chai iko ndani ya kopo lililoandikwa maziwa. Nimelalamika miaka yote ya ndoa yetu. Leo ningefurahi sana kusimama mlangoni na kukuuliza chumvi iko wapi.

Chumba nimepanga kwa mjane mmoja, Bi Mwajuma, Mndengereko aliyeujua mtaa huu ukiwa mashamba ya mihogo. Ni mtu mwema, mwenye ulimi. Wakati wa Ramadhani hakuacha kuniletea futari ingawa anajua mimi ni wa kanisani. "Tumbo halina dini, Mwalimu," aliniambia. Joto la hapa sijalizoea. Asubuhi bado nafungua dirisha nikitafuta ukungu wa kwetu, naona ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa.

Mchana wanakuja wanafunzi wa sekondari, nami nawafundisha namna ya kutafuta habari na kuipima. Watoto wa siku hizi hawakosi habari, Mama Editha. Zinawamiminikia. Wanachokosa ni kujua ipi imetoka wapi. Nikawapa maswali matatu: Nani kasema? Amejuaje? Alisema lini? Nikawaambia waende nyumbani, wachague jambo moja wanalolisikia pale, waliulize maswali hayo.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu aliyezoea kuuliza vitabu, ambavyo havina haya wala heshima ya kuvunjiwa.

Bi Mwajuma ana presha, kama dada yako. Mjukuu wake Saida, aliye katika darasa langu, alikuwa ameona kwamba vidonge vya bibi yake havipungui. Akagundua bibi ameviacha, anakunywa maji ya majani fulani, kwa sababu ya ujumbe ulioingia kwenye simu ukisema yanaponya presha moja kwa moja. Mtoto aliogopa. Hana mzazi mwingine hapa mjini. Basi akaenda akasimama mbele ya bibi yake, daftari mkononi, akamuuliza maswali yangu yote matatu kama yalivyo.

Kesho yake Bi Mwajuma akaja maktaba. Alisubiri nimalize kumhudumia kijana mmoja, akajifunga khanga vizuri, ndipo akasema.

"Mwalimu, mie nakuheshimu. Lakini mjukuu wangu nimemlea kwa mikono hii, na jana kanisimamisha kama trafiki. Nani kasema, kajuaje, lini. Kabakisha kuniomba leseni. Hiyo ndiyo elimu mnayowapa humu?"

Nilianza kueleza. Nikaona kadiri ninavyoeleza ndivyo anavyozidi kunitazama, nikanyamaza. Na hakuwa peke yake. Baba mmoja alimtoa mwanawe darasani, mwingine alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati kushtaki kwamba kuna mzee kutoka bara anawafundisha watoto kuwahoji wazazi. Kwangu mimi hayo yalikuwa madogo. Kubwa ni kwamba Bi Mwajuma, kwa hasira, aliapa kuwa sasa vidonge hatavigusa kabisa. Nilikaa nikijua kwamba somo langu ndilo lililomfungia mlango, na mtoto wa watu anamtazama bibi yake kila asubuhi kama anayeaga.

Nikamtuma mwenyekiti akaniombee radhi, kama desturi ya hapa ilivyo, nami nikafuata nyuma na kilo mbili za sukari. Nilimwambia sikuja kumtetea mtoto. Nimekuja kuomba aje yeye darasani atufundishe jinsi mdogo anavyomuuliza mkubwa. Akauliza kama kutakuwa na kiti, maana yeye kwenye mabenchi ya wanafunzi hakai.

Akaja. Akawaambia watoto kwamba mkubwa haulizwi na mtu aliyesimama: kaa kwanza. Haulizwi kabla ya salamu, na salamu haiharakishwi. Na haulizwi ili akosee, anaulizwa ili akufunze. Kisha akamwita Saida akae mkekani, mbele ya wenzake. Yule mtoto akaamkia, akatulia, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, hii habari ya dawa uliipata wapi, nami niijue?"

"Kwa dada yangu Hidaya, yuko Rufiji," akasema. "Na dada yangu hawezi kunidanganya. Tumpigie."

Wakampigia, simu imewekwa sauti ya wote. Salamu zilichukua muda wake, za watoto, za shamba, za mvua. Bi Hidaya akasema hajambo, wote hawajambo. Ujumbe ule, alisema, alitumiwa na mke wa mpwa wao anayekaa Tegeta. Tukampigia wa Tegeta. Yeye akasema uliingia kwenye kundi la kamati ya harusi, harusi yenyewe ilishapita zamani, watu walibaki humo tu wakitumiana mambo, na aliyeuleta hamjui. Darasa likacheka. Bi Mwajuma hakucheka. Akachukua simu akampigia tena dada yake.

"Dada, hayo maji na wewe unayanywa?"

"Mie? Mie nakunywa vidonge vyangu vya kliniki."

"Sasa mie ukanitumia ya nini?"

"Ulisema umechoka na foleni. Nikaona huenda yakakufaa."

Watoto safari hii hawakucheka, sijui kwa nini. Bi Mwajuma akashusha pumzi. Nilidhani atamgombeza, lakini akauliza kwa upole, "Na hali yako?"

"Si nimeshakuambia, sijambo."

"Nakuuliza tena."

Ndipo Bi Hidaya akasema kwamba aliteleza, mguu umevimba, tangu mwezi uliopita hajavuka ua wa nyumba yake. Bi Mwajuma akamuuliza mbona hakusema wakati ule wa salamu. Akajibu, "Hukuniuliza mara ya pili. Mara ya kwanza ni salamu tu."

Mama Editha, katika kufundisha kwangu kote sijasikia neno lililonikaa kama hilo. Bi Mwajuma amerudi kliniki, Saida humsindikiza, na kamati imetulia kiasi cha kuniomba nibaki. Lakini mimi tangu siku ile sikuweza tena kufanya kazi vizuri. Kila kadi niliyoishika niliona nimekosea kitu, na kilichokosewa hakikuwa kwenye kadi.

Nikaanza kukupima wewe kama ninavyopima habari. Ujumbe wa simu uliokuja mwezi jana kwa jina lako haukuwa wako. Wewe hujawahi kuniandikia "vp" maishani mwako. Zamani ulikuwa ukinieleza masomo ya misa ya Jumapili, nani kasoma na nani kakosea, nawe ndiwe uliyekuwa msomaji wa pili. Sasa huyataji. Daktari wa macho alikuambia una mtoto wa jicho, akasema urudi kiangazi upasuliwe. Kiangazi hicho ndicho hiki kinachokwisha. Nilikuuliza kwenye simu kama macho yanaona, ukasema, "Yanaona, usijali," nami nikashukuru na kuzungumza habari za rafu zangu. Nilipokea salamu, nikaiandika kuwa ni jibu.

Hasira sina. Najua ulisema hujambo ili nisiharakishe, kama Bi Hidaya alivyotuma ule ujumbe wa dawa ili mdogo wake asichoke. Wewe hutaki nirudi kwa ajili ya ugonjwa, kana kwamba nitakuwa nimekuja hospitali na si nyumbani. Lakini nikuambie ukweli ambao nami kwenye simu sikuusema: kila siku naulizwa humu nani kaandika kipi na kiko wapi, na hakuna hata mtu mmoja anayejua kwamba chai yangu naipenda bila sukari. Nimechoka kuwa mzee wa watu.

Kwa hiyo kamati nimeshawaambia jana, sikungoja Ijumaa. Sibaki. Kazi ya kadi nimemwachia binti mmoja mtulivu niliyemfundisha, na darasa wataliendesha na Bi Mwajuma, ambaye sasa ameomba kiti kiwe na mto. Nitapanda basi wiki moja baada ya barua hii kuondoka, na tutakwenda hospitali pamoja, wewe nami, kabla barabara haijaharibika kwa mvua.

Msalimie sana kaka yako mkubwa, mshenga wangu wa zamani, mwambie deni la maongezi lipo. Msalimie Editha, mzaliwa wetu wa kwanza, akija kutoka kwa mumewe, na mdogo wangu Gasper wa shamba la bondeni. Wajukuu wote wabusu. Bi Mwajuma naye anakusalimu, ingawa hajakuona. Anasema mwanamke aliyekaa na mwanamume anayeeleza hivi ana subira ya peponi.

Na wewe mkwe wangu, Mama Neema, kama ni wewe unayemsomea mama barua hii, ahsante, mwanangu, kwa macho uliyomwazima. Sasa keti karibu naye, usiharakishe, kisha uniandikie anavyosema yeye mwenyewe, hata kama atakuambia usiandike.

Mke wangu, nimeshakusalimu, na umeshajibu. Nakuuliza tena: unaniona?

Mumeo,
Baba Editha