Mama Ameanguka Nyumbani Mwake na Bado Hataki Kuhama

Ndugu mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimechoka kabisa, nisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo kaka yangu Ildefons anakuja na gari kumchukua mama yetu kutoka Kanazi tumlete kwangu Kitendaguro, na mama hataki hata kusikia. Ni mjane, umri umekwenda, anaishi peke yake kwenye kibanja alichoachiwa na marehemu baba, na hakuna ambacho hatujamfanyia. Mwaka huu tulipofundishwa kwenye kikundi chetu cha kusikiliza darasa la redio kwamba nyumba chafu huleta maradhi, nilikwenda nikaziondoa zile nyasi zote anazotandika sakafuni kama watu wa zamani, maana viroboto walikuwa wanatutafuna, nikaleta fundi akamwaga saruji, nikapaka nta nyekundu ya sakafu kwa mikono yangu mpaka ikang'aa, na mjumbe wa nyumba kumi wa pale Kanazi akawaleta majirani waje kuiga, lakini mama hakusema hata asante, alipita pembeni akishika ukuta. Basi mwezi uliopita ameanguka humo humo, nyonga imevimba, anaburuta mguu, nikamwambia mama umeona, kukaa peke yako hakukufai tena, na jembe nikamfichia asiende kwenye maharage yake, sasa anashinda kitandani ananinunia. Amesema kwa miguu yake hatoki, na tukimbeba hatakula chakula chetu, na ninamjua, Pasaka alikaa kwangu akakonda mpaka nikaona aibu. Je, tumbebe kwa nguvu au tumwache afie pale?

Joviana, Kitendaguro

Joviana mwanangu,

Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji kwanza ili nisikujibu vibaya.

Unaniuliza habari za gari, mbona huniulizi habari za nta? Mama yako ametembea juu ya nyasi tangu alipojifunza kusimama. Umemwondolea, ukamwekea sakafu ya kuteleza, akateleza, halafu unamwambia kukaa peke yake ndiko kulikomwangusha. Alipopita akishika ukuta alikuwa anaogopa, wewe ukasubiri asante. Na nyonga imevimba mwezi mzima, lakini katika barua yako yote sijaona neno daktari. Kwa hilo nimekasirika, sikufichi.

Najua unampenda. Mtu asiyempenda mama yake hahangaiki na fundi. Na viroboto ni kweli, hapo sikulaumu. Lakini dawa ya viroboto ni kufagia na kubadilisha nyasi mara kwa mara, zianikwe juani zikauke vizuri ndipo zitandikwe. Darasa lilikufundisha usafi, halikukutuma umwondoe mtu nyumbani kwake.

Sasa nisikilize. Gari la Ildefons lije, tena lisisubiri Jumamosi, limpeleke hospitali nyonga itazamwe, kisha limrudishe Kanazi siku anayoruhusiwa, si Kitendaguro. Kabla hajarudi, ikwangue ile nta yote na utandike nyasi. Mwambie fundi aliyemwaga saruji afunge mti imara ukutani, kutoka kitandani hadi mlangoni, na mwingine kwenye njia ya chooni, awe na kitu cha kushika. Panga na jirani mmoja mwaminifu apite asubuhi na jioni, nanyi mpeane zamu za kwenda, usiache mzigo wote kwa jirani huyo. Jembe mrudishie leo. Daktari akisema anaweza, alime kidogo akiwa ameketi kwenye kigoda. Mtu aliyelima maisha yake yote ukimlaza kitandani, miguu inakufa kabla ya siku yake.

Unauliza kama mumwache afie pale. Pasaka ulikwisha kuona anavyokufa akiwa kwako. Ile nyumba ni ya mama yako, na wewe pale ni mgeni. Ukifika piga hodi, ngoja akukaribishe, halafu muulize anataka nini.