Sentensi Nilizoongeza Mkutanoni

Dada yangu kipenzi,

Kaa kitako kwanza! Mimi ninayejificha wageni wakija, jana nilikuwa mkalimani mbele ya ukumbi mzima. Tume ilikuja kuuliza kama mkoa wetu ubaki na saa zake au ufuate za ng'ambo ya daraja, zilizo mbele kwa saa moja. Wajumbe hawajui lugha yetu, mwalimu akanisukuma mbele.

Muuza mayai akauliza, "Na kuku wangu, nao mtawapa saa mpya?" Tulicheka hadi machozi.

Kisha Baba akasimama. Alisema tu kwamba kiwanda anachofanyia kazi kiko ng'ambo, basi. Nikatafsiri, halafu sijui nilipatwa na nini, nikaongeza: "Naondoka binti yangu amelala. Tangu mama yake afariki, anakunywa chai peke yake. Saa zetu zikiwa sawa na za kule, tutaamka pamoja." Mwenyekiti akaandika yote!

Njiani Baba, niliyedhani haelewi lugha ya wajumbe, akasema, "Mwanangu, maneno yale sikuyasema."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ila ndiyo niliyosimama kuyasema."

Tume haijaamua. Lakini leo Baba ameniamsha kwa saa za ng'ambo, na vikombe vilikuwa viwili.

Mdogo wako, mwenye usingizi na furaha tele.