Kikohozi cha Shamba la Juu

Baba,

Nina malalamiko. Najua aliyepumzika huachwa apumzike, lakini ungekuwa umeniachia shamba linaloeleweka, na mimi ningekuwa nimepumzika.

Tangu tukuzike hapo juu, pembeni ya nyumba yako, mengi yamebadilika. Nyumba yenyewe imeanguka upande wa jikoni. Lile shirika nililokuwa karani kule Mbeya limeuzwa, nasi tukaambiwa tumepunguzwa, kana kwamba tulikuwa chumvi kwenye mchuzi. Nimerudi Kinyala na kitambi, viatu vya ofisini, na mafao yaliyotosha ng'ombe mmoja wa maziwa. Nimemwita Mafao. Ana hasira za mtu aliyepunguzwa kazini, na mateke aliyonipiga yamezidi viboko vyako vyote. Majirani wananiita Bwana Shirika. Wakinikuta na jembe wanauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi leo.

Shamba la chini nilianza nalo vizuri, sisemi kwa kujisifu. Nilifyeka, nikapunguza machipukizi ya migomba, kila shina nikaliwekea samadi ya Mafao, maana mbolea ya dukani, tangu serikali iondoe ruzuku, wanaigusa wenye nazo tu. Kisha ikanyesha mvua moja, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Ikateremka kutoka shamba lako la juu, ikazoa samadi yote ikaipeleka mtoni. Nilisimama mlangoni nikaangalia jasho langu likipita mbele yangu linaelea. Baba, shamba la juu ulikuwa umeliacha pori. Magugu yamenizidi kimo, mibuni imezeeka, udongo hauna wa kuuzuia. Bila makinga maji huko juu, huku chini nilikuwa nalisha samaki.

Na kuchimba makinga maji si kazi ya mtu mmoja. Wewe ndiye uliyenifundisha: kamba ndefu, chupa ya maji imelazwa katikati, mmoja huku mwingine kule, mpaka kiputo cha ndani ya chupa kitulie katikati, ndipo ujue kamba iko sawa. Nilijaribu peke yangu, ncha moja nikaifunga kwenye mti. Mtaro ukaelekea mlangoni kwangu, na mvua iliyofuata ikatuletea bwawa sebuleni. Vibarua nao hawapatikani, vijana wote wamekwenda kuchuma chai kwa wenye kampuni mpya. Akabaki mkweo, mke wangu.

Sasa hapa ndipo malalamiko yenyewe. Mkweo alikuwa hapandi juu.

Miaka yote ile Mama Atupele hakuwahi kukuona usoni, wala wewe hukumwona yeye, kama desturi yetu inavyotaka kwa mke wa mwana na baba mkwe. Ukitaka kuteremka kwetu unakohoa kwanza, naye anatupa alichoshika anaingia migombani. Ulikohoa kama lori la chai linapanda mlima. Ulikohoa hata siku ambazo yeye yuko sokoni Tukuyu, eti kwa usalama. Naye akienda kisimani huko juu alizunguka nyuma yote ya kilima, na njia aliyoichonga kwa miguu ipo mpaka leo. Tulikuzika, Baba, na mke wangu akaendelea kukuzunguka.

Nilimwita mchungaji. Akaja, akaeleza kwa upole kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mama Atupele akaitikia amina, akampa mkungu wa ndizi, akachukua ndoo yake akapita njia ya kuzunguka.

Baba mdogo, huyo mdogo wako, alikuwa ananisubiri nishindwe. Alikuja, akala ugali wangu, akanawa, ndipo akasema, "Shamba la juu limekushinda, mwanangu. Sema tu, si aibu." Kumbe ameshapata mtu wa mbao. Masika yakilikuta lile shamba bado pori, ukoo utamkodishia apande milingoti, hiyo mikaratusi ya mbao. Milingoti, Baba! Wewe uliyekuwa unang'oa hata mche uliojiotea, ukisema inakunywa maji kuliko ng'ombe. Wangeipanda mpaka kichwani kwako. Kisima kikauke, halafu mimi nirudi mjini kufanya nini, kwa nani?

Nikamwendea mke wangu nimechoshwa na watu wote, walio hai na wasio hai.

"Mama Atu, Baba hayupo."

Hakuinua macho kwenye maharage aliyokuwa anachambua. "Kama hayupo, huwa unamsalimia nani kila asubuhi?"

Nikachukua kamba yangu nikapanda peke yangu.

Nilikuwa nimeshafunga ncha kwenye mbuni, naigombeza chupa, niliposikia kikohozi. Baba, nilidhani ni wewe. Kidogo niingie migombani mimi.

Kilitoka chini, kwenye mpaka. Mama Atupele alikuwa amesimama pale, khanga imemfunika mpaka machoni, uso ameugeuzia pembeni. Akakohoa tena. Akasubiri, kama ulivyokuwa unamsubiri wewe. Alikupa muda ujifiche, Baba. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hukuwahi kuisikia:

"Tata, napita. Nimekuja kazini."

Akapanda. Akashika ncha ya kamba bila kunitazama. "Vuta, Bwana Shirika. Hii kamba umeilegeza kama unaanika nguo."

Tangu hapo sina amani, maana ndiye msimamizi. Lakini mitaro tumeimaliza, na hakuna hata mmoja uliokugusa, tumekupitia mbali kwa heshima. Mvua za masika zimeingia mle zikatulia. Samadi imebaki shinani. Baba mdogo alikuja akatembea ukingoni akitafuta kosa, hakuliona, akaishia kuomba machipukizi ya migomba. Tumempa. Yule mtu wa mbao anatafuta kilima kingine.

Basi lala, Baba. Nakuahidi, nikiwa hai mlingoti hautaota hapa. Na asubuhi ukisikia mtu anakohoa huko chini, usihangaike, jifunike tu. Ni mkweo, anapita.

Mwanao,
Bwana Shirika