Begi Ambalo Sijalipangua

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, milima haionekani, na mimi nimenuna.

Bado niko kwa mama, Kilakala. Aliteleza bafuni akavunjika mguu, na kwa kuwa katika watoto wake mimi ndiye nisiye na mume wala mtoto, kikao cha ndugu hakikuchukua muda kuniteua. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuja na begi na kompyuta ya ofisini. Begi sijalipangua; kila siku nachomoa nguo ya juu, nafunga zipu.

Bosi wangu wa Dar ana sharti moja. Intaneti ya hapa ikishika kufikia Jumatatu, nitafanyia kazi huku mpaka mama apone. Isiposhika, nirudi, na mama mdogo aje kutoka Mkuyuni kukaa naye. Mama na huyo mdogo wake hawapikiki chungu kimoja.

Basi leo nimewasha ruta ya intaneti. Taa zikawaka, simu yangu ikashika vizuri kabisa, kompyuta ikagoma. Nikafungua mipangilio ya mtandao, na hapo hapo nikaliona tatizo: fundi wa ofisini aliiwekea anwani ya IP, ile namba ya kompyuta mtandaoni, ya kule ofisini, isijibadilishe yenyewe. Dawa yake ni kuchagua ijitafutie anwani yenyewe, kisha kubonyeza "Hifadhi."

Sikubonyeza.

Nilikaa nikiitazama skrini, nikiwaza chumba changu cha Dar na jioni zangu za kutoulizwa ninakwenda wapi. Mama akauliza kutoka sebuleni, "Imekubali?" Nikajibu, "Bado mama, inasumbua." Nikaenda jikoni kubandika maharage, safari nimeshaipanga kichwani.

Nilipotoka, kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilimkuta anaingia getini, amelowa chapachapa, mkono mmoja umeshika mkongojo, mwingine ameukunja ngumi kifuani. Huyu ni mtu ambaye tangu atoke hospitali hajavuka baraza.

"Mama! Kwenye matope yote haya?"

"Usinigombeze. Nimekuombea intaneti kwa Mama Neema hapo jirani. Amesema utumie yake mpaka yako ipone." Akafungua ngumi. Nywila ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kiganjani, herufi za mwisho zimeanza kufutika. "Isome upesi, mwanangu, nimeikinga na mvua njia nzima."

Nikamkausha, nikambadilisha nguo. Kile kiganja sikukigusa. Hasira zilinijaa: kwake, kwa ndugu zangu, kwangu mwenyewe, sijui zipi zilizidi. Kisha nikarudi kwenye kompyuta, nikabonyeza ile "Hifadhi."

Imeunganishwa.

Mama alipiga vigelegele palepale kitini. Mimi nikatabasamu. Anaamini ni ile nywila ya jirani iliyofanya kazi, na sitamwambia vingine.

Bosi nimeshamwandikia kwamba intaneti ipo. Sina tena kisingizio, na mlango nimeufunga kwa kidole changu mwenyewe. Nampenda mama. Nataka kuondoka hapa. Yote mawili ni kweli, na hakuna linaloliondoa jingine.

Kesho nitapangua begi.

Nusu yake.