Mke wa Fundi Gesi

Kwako dada yangu,

Nakusalimu kwa kuwa mama alitulea tusalimiane hata tukinuniana. Watoto hawajambo? Kifua cha shemeji kimepoa? Mimi mzima, nimenenepa, na ndoa ya miezi miwili imenikubali kuliko ulivyoniombea.

Sijasahau, dada. Siku ya harusi ulisimama mbele ya wageni ukasema mdogo wako anaolewa jalalani, na kwamba kazi ya bwana harusi ni kukusanya ushuzi wa takataka. Watu wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka, akasema shemeji hajakosea sana. Hapo nikampenda upya.

Laiti ungemwona kazini! Takataka zikioza chini kwa chini hutoa gesi. Yeye huinyonya kwa mabomba kutoka kwenye visima vilivyochimbwa jalalani, gesi ikaendesha injini, injini ikatoa umeme. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, hupita kisima kwa kisima na kipimo chake, akigusa koki taratibu kama anavyonigusa shavu. Alinifundisha kwamba kisima hakivutwi kwa pupa: ukikifungua mno, hewa huingia na taka hushika moto huko ndani. Mimi nilikuwa namtazama midomo tu.

Kisha ukatuma ujumbe kwamba Jumapili utakuja na mama kuonja harufu ya mapenzi. Ukaja hadi nyumbani kwetu, hapa ukingoni mwa jalala. Ukapenga pua mlangoni, ukavuta pumzi, hukusikia kitu. Ukaishia kuisifu chai. Dada, sijapata kufurahi vile!

Jumatatu alfajiri, kabla hajaanza mzunguko wake, ardhi nyuma ya nyumba yetu ikaanza kufuka moshi, na injini ikazimika. Meneja wa mtambo akasema kuna mtu amefungua koki saba kwa makusudi. Akamsimamisha kazi mume wangu kwa kuacha spana ovyo, kisha akauliza nani ana chuki na mahali hapa. Nikakutaja wewe. Nikasema Jumapili ulizunguka nyuma ya nyumba, ati kunawa mikono. Ndiyo maana umeitwa ofisini Ijumaa, na ndiyo maana unampigia mama simu ukilia.

Si wewe. Ni mimi. Jumamosi mchana, mume wangu akiwa amelala, nilichukua spana nikazifungua zote saba hadi mwisho, mabomba yanyonye kila harufu kabla hujafika. Nilitaka ukose la kusema.

Leo asubuhi nimemwambia. Hakunigombeza. Aliuliza tu nilizungusha mara ngapi kila koki, akaandika kwenye karatasi, akawakimbizia wenzake wanaomwaga udongo juu ya moto. Aliporudi hakunigusa shavu. Alisema nikuandikie wewe kwanza, halafu Ijumaa tuingie kwa meneja sote wawili.

Basi njoo Ijumaa. Usihangaike kujitetea, nitakutetea mimi. Simama getini ucheke upendavyo, safari hii umepata sababu. Ila lile neno la harusini bado sijakusamehe.

Wabusu watoto, msalimie shemeji. Barua hii anakuletea mume wangu mwenyewe, kwa mkono wake. Mkaribishe ndani, dada, na akipita hapo mlangoni vuta pumzi vizuri. Hanuki.

Mdogo wako,
Mke wa Fundi Gesi