Kifungo Chini ya Kitanda

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unainama kuchungulia chini ya vitanda vya wageni kama vile wasichana wako hawana macho? Shemeji naye hajambo? Wabusu wanangu, waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Mimi ni mzima, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea tu. Siku hizi nalala fofofo. Uliniuliza kwenye simu mbona sauti imekauka, nikakwambia ni mafua. Hayakuwa mafua, dada. Kaa nikusimulie.

Unajua ofisini tunaandika programu ya hospitali, ile inayosoma mapigo ya moyo ya wagonjwa na kuyaonyesha kwenye kioo mbele ya wauguzi. Tunaiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ambayo haimfanyii mtu usafi: ulichokitandaza, ukikunje mwenyewe. Kila mgonjwa akiunganishwa, programu inamwanzishia mhudumu wake peke yake, sisi tunamwita uzi. Kila uzi una droo yake ya kuwekea vipimo vya mgonjwa, na uzi mwingine hauigusi. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, uzi unaondoka, na droo yake lazima ifagiliwe papo hapo. Isipofagiliwa, takataka zinabaki kwenye kumbukumbu ya mashine. Wewe unajua chumba kinavyokuwa wageni wakipokezana bila ufagio kupita.

Basi ndivyo ilivyotokea. Siku ya tisa tangu programu iwashwe hospitalini, mashine ilijaa pomoni, ikaganda. Kwa dakika nne wauguzi walikimbia kitanda hadi kitanda wakishika vifundo vya mikono ya wagonjwa kupima mapigo kwa vidole. Hakuna aliyedhurika, namshukuru Mungu, lakini muuguzi mkuu alitupigia simu akatutolea maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye barua ya heshima. Ilipoganda mara ya pili, meneja wetu akataka mtu wa kumbebesha lawama.

Akampata Mzee Kimya. Nilishakusimulia habari zake: yule wa kikombe kisicho na mkono, anayeweza kumaliza wiki nzima kwa maneno kumi. Ndiye aliyenishika mkono nilipoanza kazi. Sehemu ya kufagia droo, tunayoiita mfagiaji, aliiandika yeye. Jaribio la kuhakikisha kwamba zinafagiliwa kweli niliandika mimi: tunaanzisha nyuzi hamsini, kila uzi unafungua droo, zote zinaondoka, kisha tunahesabu. Zikifunguliwa hamsini na kufagiliwa hamsini, kioo kinatoa kijani. Na kilikuwa kijani kila siku. Meneja akasema jambo liko wazi, jaribio la binti linaonyesha mfagiaji anaitwa, basi akiitwa anafagia ovyo. Akamwambia Mzee akae nyumbani mpaka uamuzi utoke, na sote tulijua uamuzi wenyewe utakuwa upi. Miaka miwili tu imebaki astaafu. Mzee alisuuza kikombe, akakitia mfukoni mwa koti, akaondoka.

Nilibaki nakodolea macho kiti chake, ndipo nikakukumbuka wewe na vifungo vyako. Unakumbuka ulivyonionyesha pale nyumba ya wageni? Unatupa kifungo cha shati chini ya kitanda kabla msafishaji hajaingia. Akija kusema chumba tayari na kifungo bado kipo, hana la kujitetea. Nikasema hebu nami nitupe changu. Nitaufuta makusudi ule mstari unaosema uzi ukiondoka mfagiaji aitwe, nione kama jaribio langu litapiga kelele.

Nikaenda kuufuta. Nikautafuta juu, nikautafuta chini. Dada, haukuwepo! Tangu programu iwashwe hospitalini, mfagiaji alikuwa hajaitwa hata siku moja, na kioo changu kinang'aa kijani kama majani ya masika. Nikatazama nani aligusa faili lile mara ya mwisho. Ni mimi. Nilikuwa nimelipanga upya, mstari wa Mzee ukaniponyoka njiani.

Sasa nifike kwenye lile lililonikausha sauti. Siku nilipoandika jaribio, hesabu ilikataa: mara arobaini na tatu, mara arobaini na saba. Lilikuwa linahesabu kabla nyuzi zote hazijaondoka. Nilitakiwa nizisubiri, na nilijua. Lakini ilikuwa siku ya kuja kukupokea stesheni, basi lako limekaribia, nami nina haraka. Nikaandika humo humo kwenye jaribio kwamba kila uzi ufagie droo yake wenyewe kabla ya kuhesabiwa. Yaani nilifagia chumba kwa mkono wangu, kisha nikakikagua, kisha nikamsifu mfagiaji. Usijilaumu wewe, hukunituma.

Na bado hilo si baya zaidi. Haya niliyagundua Jumatatu, nikasema Alhamisi. Siku tatu nilipita mbele ya kile kiti nimefunga mdomo. Nilikuwa najiambia niurudishe mstari kimya kimya, mashine ipone, nani atajua? Lakini mashine ingepona Mzee akiwa ametolewa, na kila mtu angesema mnaona, alikuwa yeye. Nilipoliona hilo, nikauacha mpango huo. Naona aibu kukuandikia, ila wewe ndiye nisiyeweza kukuficha.

Alhamisi nilijikaza nikaingia kwa meneja, nikasema yote. Aliniuliza kama naelewa kwamba jina litakaloandikwa kwenye ripoti sasa ni langu. Nikasema naelewa. Nimepewa barua ya onyo, nimeikunja nimeihifadhi. Mzee akapigiwa simu mbele yangu arudi kazini.

Alirudi Jumatatu iliyofuata. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwomba radhi, yakayeyuka yote, nikalia kama mtoto. Yeye akavuta kiti, akafungua jaribio jipya nililoliandika, linalosubiri nyuzi na lisilofagia chochote. Akaufuta ule mstari wake niliokuwa nimeurudisha, akaliendesha: nyekundu, zimefunguliwa hamsini, zimefagiliwa sifuri. Akaurudisha: kijani. Akatoa kikombe mfukoni, akakiweka mezani. Kisha akaniambia kwamba jaribio la zamani yeye ndiye aliyelipitisha. Aliona kijani akaenda kunywa chai, hakusoma, na siku zote alizokaa nyumbani hilo ndilo lililomnyima raha. Nikahesabu maneno, nikamwambia ameshatumia ya mwezi mzima. Akacheka, dada. Sikujua ana pengo.

Leo mashine imepita siku ya kumi na nne haijaganda. Muuguzi mkuu amepiga simu kuuliza kama tuko hai, maana tumekuwa kimya mno.

Msalimie shemeji, na huo mgongo uupumzishe. Nina ombi moja: kwenye lile kopo lako la vifungo, nichagulie viwili vinavyofanana unitumie. Kimoja changu, cha pili Mzee amekiomba mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
aliyefagia kabla ya kukagua.