Majivu ya Bibi Yako

Marahaba, mjukuu wangu. Hapa Katandala hatujambo, na ulezi tumeshavuna. Umeuliza kama kweli tulijenga kwa majivu. Ni kweli, na aliyeanza ni bibi yako.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na mashine za watu binafsi za kukoboa mpunga zilitupa pumba ovyo. Bibi alichoma matofali kwa pumba hizo, yakabaki majivu. Sakafu ya darasa tulilokuwa tukijenga ilitakiwa iishe kabla ya mvua, na saruji haikutosha. Akatushauri tuchekeche majivu hayo, tuchanganye debe moja kwa manne ya saruji.

“Shemeji, hayo ni ya kusugulia sufuria,” fundi mkuu alimwambia.

Kipande cha majaribio kilipasuka. Fundi akacheka. Bibi akakigusa, akasema, “Upepo umekikausha. Mlikimwagia maji lini?”

Hatukuwa tumekimwagia. Tukatengeneza kingine, tukakifunika magunia mabichi, naye akakimwagilia asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Fundi alikipiga nyundo mara tatu bila kukivunja. Akaiweka nyundo chini, akamgeukia bibi yako.

“Shemeji, yamebaki madebe mangapi ya majivu?”

Babu yako